Bawabu wa Bakteria na Nusu Dozi Zetu

Ndugu wasikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya zile dawa tunazonunua dukani vidonge viwili viwili. Lakini naomba mnivumilie, maana ili nifike dukani itanibidi nipitie kwanza tumboni, kisha Paris, Ufaransa, ndipo nirudi mtaani kwetu. Safari ni ndefu kidogo, ila nauli yake ni kusikiliza tu.

Katika utumbo wa kila mmoja wetu, awe waziri au mpiga debe, wanaishi bakteria ambao wataalamu wamewapa jina la Escherichia coli. Walio wengi hawana neno na mtu. Wachache ndio wakorofi wanaotuharisha. Urefu wa mmoja wao ni kama sehemu mbili za elfu za milimita, hata ukiwapanga mia tano kwa mstari ndipo unapata milimita moja. Hana ubongo, hana macho, hana hata tumbo lake mwenyewe. Hata hivyo kiumbe huyu hufanya uamuzi kila dakika, na uamuzi wenyewe ni wa uchumi: kipi kitengenezwe sasa na kipi kisubiri.

Maelekezo ya kazi zake zote yameandikwa katika uzi mrefu uitwao DNA. Mwaka 1997 wanasayansi wa Marekani walitangaza kwamba wamemaliza kuusoma uzi huo wa bakteria wa maabara, herufi kwa herufi. Walihesabu herufi zipatazo milioni 4.6, na ndani yake jeni karibu 4,300. Tuseme DNA ni leja, na jeni moja ni ukurasa mmoja wa leja hiyo. Kurasa karibu zote zinaeleza namna ya kutengeneza protini, kila ukurasa na protini yake.

Sasa, mtu mwenye hati ya kiwanja haitembezi mitaani. Huifungia kabatini, na akitakiwa kuionyesha huenda steshenari akatoa fotokopi, akatembea na fotokopi. Bakteria naye ndivyo afanyavyo. Leja haitoki mahali pake. Iko mashine, nayo yenyewe ni protini, inayopita juu ya ukurasa unaotakiwa na kutoa nakala. Nakala hiyo huitwa RNA, na kazi yenyewe tuiite unakili. Mafundi wanaotengeneza protini hufuata nakala, hawaisomi leja. Na karatasi ya nakala hiyo ni duni mno: baada ya dakika chache imekwisha kuchakaa. Msidhani huo ni upungufu. Kama nakala ingedumu wiki nzima, mafundi wangeendelea wiki nzima kutengeneza kitu ambacho hakitakiwi tena.

Swali basi ni hili: nani anayeamua ukurasa upi unakiliwe na upi usinakiliwe? Maana kutengeneza protini kunagharimu. Kunakula chakula na kunakula nguvu, na bakteria anayepoteza nguvu zake bure hupitwa na jirani yake, ambaye mambo yakimnyookea hujigawa wawili kila baada ya dakika 20. Mama lishe anayejua kazi hapiki wali wa watu mia siku ya sikukuu wakati ofisi zote zimefungwa.

Swali hilo lilimkaa rohoni Mfaransa mmoja kijana, Jacques Monod, mwanzoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. Alikuwa akiotesha bakteria katika maji yaliyotiwa sukari za aina mbili, glukosi pamoja na sukari nyingine, kama vile laktosi, yaani sukari ya maziwa. Alitegemea waongezeke mfululizo. Badala yake waliongezeka, wakasimama kwa muda, kisha wakaanza kuongezeka tena. Kumbe walikuwa wakila glukosi kwanza mpaka ikaisha, wakatulia kama mtu anayevua shati la ofisini ili avae la shambani, ndipo wakaanza laktosi. Matokeo hayo aliyaandika katika tasnifu yake ya mwaka 1941.

Paris wakati huo ilikuwa mikononi mwa majeshi ya Hitler. Monod mchana alikuwa mtu wa maabara, na kwa siri alikuwa katika harakati za kuwapinga Wajerumani. Inasimuliwa kwamba nyaraka za hatari alizificha ndani ya mifupa ya miguu ya twiga aliyekuwa amesimamishwa nje ya maabara yake kwa maonyesho. Twiga, mnyama wetu wa huku, akawa kabati la siri la Wafaransa. Haya tuyaache, ingawa binafsi napenda kuyakumbuka kila ninaposikia mtu akisema kwamba wanasayansi ni watu wasiojua yanayotokea nje ya dirisha lao.

Watu wengi siku zile walidhani kwamba sukari ndiyo inayomfundisha bakteria. Walisema laktosi ikiingia huifinyanga protini kwa umbo lake, kama kalibu inavyotoa tofali, na kwa njia hiyo bakteria hupata kimeng'enya cha kuikata. Fikra hii ilikuwa na ndugu yake katika siasa. Kule Urusi, Trofim Lysenko alihubiri kwamba viumbe vinaweza kufunzwa na mazingira na kurithisha mafunzo hayo kwa vizazi vyao, na waliompinga walifukuzwa kazi, wengine wakatiwa gerezani. Mwaka 1948 Monod, ambaye siku za vita alikuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti, alimpinga Lysenko waziwazi katika gazeti la Combat. Kwa hiyo swali la kama bakteria hufundishwa au hafundishwi halikuwa swali la mezani tu.

Baada ya vita alijiunga na Taasisi ya Pasteur kijana mwingine, François Jacob. Huyu alitaka kuwa daktari wa upasuaji, lakini alijeruhiwa vibaya Normandy mwaka 1944 na ndoto hiyo ikaishia hapo. Mwaka 1957 akaja Mmarekani, Arthur Pardee, na watatu hao wakafanya jaribio ambalo mimi naliona ni miongoni mwa majaribio mazuri kabisa ya karne ile.

Walikuwa na bakteria walioharibika kwa namna ya ajabu. Hao walitengeneza kimeng'enya cha kukata laktosi usiku na mchana, laktosi ikiwapo au isiwepo. Kama laktosi ndiyo mwalimu, hawa walifundishwa na nani? Wakachukua bakteria ambaye jeni yake ya kimeng'enya ilikuwa mbovu, na jeni nyingine waliyoishuku kuwa ya kuzuia ilikuwa mbovu vilevile. Wakamkutanisha na bakteria mzima, maana bakteria nao wana namna yao ya kupitishiana jeni. Jeni zote mbili, zikiwa nzima, zikaingia pamoja. Dakika chache tu, kimeng'enya kikaanza kutengenezwa bila laktosi yoyote kuwapo. Kikaendelea hivyo, lakini baada ya kama saa moja na zaidi, kazi ikasimama. Walipotia kitu kinachofanana na laktosi, kazi haikusimama.

Tazameni maana yake. Ile jeni ya pili ilihitaji muda ili itengeneze kitu chake, na kitu hicho kilipokuwa tayari, kikaenda kufunga. Kumbe kimeng'enya hakihitaji kufundishwa. Kinachotengenezwa kwa makusudi ni kufuli. Jacob amesimulia mwenyewe jinsi alivyokuwa sinema na mkewe mwaka 1958, filamu ikimpita mbele ya macho, akili yake ikiwa kwenye wazo kwamba kufuli hiyo inakaa juu ya DNA yenyewe. Mwaka 1961 yeye na Monod walichapisha maelezo kamili, na mwaka 1965 wakapewa tuzo ya Nobel pamoja na mkubwa wao, André Lwoff. Mwaka uliofuata, Walter Gilbert na Benno Müller-Hill, wakiwa Chuo Kikuu cha Harvard, wakaikamata kufuli yenyewe, na ikathibitika kuwa ni protini.

Mimi huiita bawabu, maana kufuli halina mikono. Katika bakteria mmoja wamo mabawabu wa laktosi kama kumi tu. Bawabu hukaa juu ya DNA mwanzoni mwa ukurasa, pale pale mashine ya nakala inapotaka kuanzia kazi. Laktosi ikiingia hugeuzwa kidogo umbo, kisha ikamshika bawabu ubavuni. Akishikwa hivyo, mwili wake hupinda, mikono ikalegea, akaachia. Mashine inapita. Kurasa tatu zinazofuatana hunakiliwa kwa mpigo mmoja: wa kwanza ni wa mkasi wa kuikata laktosi, wa pili ni wa mlango wa kuiingizia ndani, na wa tatu ni wa msaidizi. Kimeng'enya kilichokuwa cha kuhesabika kwa vidole hupanda kama mara elfu moja. Laktosi ikiisha, bawabu hurudi kitini, nakala zilizobaki zikachakaa, kazi ikakoma.

Hapo msikilizaji mwerevu atanikamata. Atasema: wewe bwana, umesema mlango wa kuingizia laktosi hautengenezwi mpaka laktosi iwe ndani; sasa hiyo laktosi ya kwanza iliingiaje? Ni swali zuri. Jibu lake ni kwamba bawabu si mkamilifu. Mara moja moja huinuka kunyoosha miguu, na katika nafasi hiyo nakala moja au mbili huponyoka. Ndiyo maana kila bakteria huwa na milango michache na mikasi michache hata wakati wa ukame. Hao wachache ndio wapelelezi wake. Ukimpa bakteria bawabu asiyeinuka kamwe, atakufa njaa akiwa amezungukwa na maziwa.

Na bado kuna ulinzi wa pili. Hata laktosi ikiwapo, maadamu glukosi ipo, nakala hutoka chache. Glukosi ikipungua, ndani ya bakteria huongezeka kemikali fulani ambayo huishika protini nyingine, na protini hiyo huenda kusimama kando ya ukurasa na kuiita mashine ije kwa nguvu. Bawabu huzuia, huyu wa pili huita. Kile kimya alichokiona Monod mwaka 1941, bakteria wakiwa wametulia katikati ya sukari mbili, ndicho kipindi cha kubadilishana zamu hizo.

Sasa twendeni dukani. Mnazifahamu kapsuli za rangi mbili. Mtu anaumwa tumbo, anaumwa jino, ana mafua, anakwenda kwenye duka la dawa na kuomba rangi mbili nne. Hataji jina la dawa, anataja rangi. Wengine huifungua kapsuli na kumwagia unga wake kidondani. Sheria inataka cheti cha daktari kwa dawa nyingi za aina hii, lakini sote tunajua inavyokuwa. Na mimi siwalaumu wanunuzi kwa haraka, maana mwenye hela ya kapsuli nne hawezi kununua ishirini, na foleni ya hospitali inakula siku nzima ya kibarua.

Mara nyingi dawa hiyo ni tetrasaiklini. Dawa za ukoo huo zilianza kujulikana mwaka 1948, nazo zilitoka kwa bakteria wa udongoni. Kazi yake ni kuwashika mafundi wa protini ndani ya bakteria ili wasiweze kufanya kazi. Bakteria asiyetengeneza protini hawezi kuongezeka, na askari wa mwili wetu wanammalizia.

Lakini wapo bakteria wenye ukurasa mmoja wa ziada katika leja yao. Ukurasa huo unaeleza namna ya kutengeneza pampu, na pampu hiyo hukaa katika ngozi ya bakteria ikitapisha tetrasaiklini nje jinsi inavyoingia. Na juu ya ukurasa huo, ndugu wasikilizaji, amekaa bawabu! Wakati wa kawaida pampu haitengenezwi. Anayemwinua bawabu ni tetrasaiklini yenyewe. Dawa tuliyoinunua kwa hela yetu ndiyo inayobisha hodi na kufunguliwa mlango wa kuitoa nje.

Bawabu huyu ana pua kali kuliko yule wa laktosi. Ni lazima awe hivyo, kwa sababu hapa pana mbio. Dawa ikiwahi kuwashika mafundi wote, hakuna atakayeitengeneza pampu hata kama nakala zimejaa tele. Kwa hiyo bawabu huishika tetrasaiklini kwa nguvu kubwa mno kuliko mafundi wanavyoishika, na huondoka dawa ikiwa bado ni chembe chache, kiasi kisichoweza kumdhuru bakteria. Kiasi kidogo kikitangulia, pampu huwa imekwisha kufungwa kabla kiasi kikubwa hakijafika.

Kwa nini basi pampu isiwe wazi siku zote? Ni habari ile ile ya mama lishe. Pampu ni ghali, na zikizidi humdhuru mwenyewe. Bakteria mwenye pampu za kudumu angeshindwa na jirani yake siku zote ambazo dawa haipo. Lakini kwa kuwa ukurasa umefungwa, kuutunza hakumgharimu sana. Hili ndilo jambo ambalo mimi linanitisha zaidi. Tungeweza kutumaini kwamba tukiiacha dawa fulani kwa miaka kadhaa, bakteria wanaoishinda watachoka na kutoweka. Bawabu anatuharibia matumaini hayo. Ukinzani unalala, haufi.

Tena ukurasa huo mara nyingi haumo katika leja kuu. Umo katika kijitabu kidogo cha pembeni kiitwacho plasmidi, ambacho bakteria mmoja humnakilia mwenzake, hata mwenzake wa kabila jingine. Wajapani waliligundua hilo katika miaka ya 1950, walipokuwa wakitibu kuhara damu. Walipata bakteria wasiosikia dawa nne kwa pamoja, tetrasaiklini ikiwa mojawapo, na mwaka 1959 wakaonyesha kwamba bakteria wa kuhara wanaweza kupitishiana ukinzani huo na E. coli wa kawaida, yule asiye na neno na mtu. Yule mpangaji mpole wa utumboni anaweza kuwa ndiye mtunza kijitabu.

Wala tusidhani kurasa hizi ziliandikwa na sisi. Mwaka 2011 wanasayansi walitangaza kwamba wamezikuta jeni za ukinzani dhidi ya tetrasaiklini, na dhidi ya dawa za ukoo wa penisilini, katika udongo ulioganda wa Yukon, Canada, ambao umri wake ni miaka 30,000. Vita vya dawa vilikuwa vikipiganwa udongoni muda mrefu kabla duka la kwanza la dawa halijafunguliwa.

Alexander Fleming, yule aliyeigundua penisilini, alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945 alitoa mfano wa bwana mmoja wa kubuni. Bwana huyo anaumwa koo. Anajinunulia penisilini, anatumia kidogo, isiyotosha kuwaua vijidudu bali inayotosha kuwaelimisha. Anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini, haisaidii, anakufa. Fleming akauliza ni nani aliyemuua. Mfano huo umekaa vizuri, ila neno lile la kuelimisha ndilo ambalo kazi ya Paris imetulazimu kulitazama upya. Nusu dozi haimfundishi bakteria kitu. Inafanya mambo mawili, nayo yasichanganywe. Kwanza, inamwinua bawabu kwa wale ambao tayari wana ukurasa. Pili, inawaua wasio na ukurasa na kuwaachia uwanja wenye nao. La kwanza huchukua dakika na hurudi lilivyokuwa dawa ikiisha. La pili hudumu, na ndilo linalojaza wodi.

Na wodi zinajaa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria wasiosikia dawa, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito kuliko kwingine ukilinganisha na idadi ya watu. Nasi ndio wenye maabara chache za kupima ni dawa ipi bado inafanya kazi. Mahali pengi daktari anabahatisha kama mgonjwa anavyobahatisha, tofauti ni koti jeupe tu.

Msikilizaji mmoja aliniuliza swali ambalo nimeona nilijibu hewani. Anazo kapsuli tano zilizobaki kabatini tangu mwaka jana, mwanawe ana mafua, je, ampe? Asimpe. Mafua yanaletwa na virusi, na virusi havina mafundi wao wala pampu. Tetrasaiklini haina la kufanya kwao. Watakaoionja ni E. coli wa utumboni mwa mtoto, ambao hawakuumwa na mtu. Zaidi ya hayo, tetrasaiklini hupaka meno ya mtoto mdogo rangi ya kahawia isiyotoka, na iliyopita muda wake inaweza kudhuru figo. Ampe maji ya kunywa kwa wingi, na akimwona anapumua kwa haraka au kifua kinabonyea, asingoje kesho, ampeleke kituo cha afya usiku huo huo.